Mmoja wa Mshahara, Mmoja wa Moyo

Wapo watu ambao unawapenda siku ile ile unapowaona. Directrice wetu hakuwa mmoja wao. Mimi ilinichukua miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kubishana naye kichwani mwangu, maana mbele yake sikuthubutu.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Tulimkuta yupo, kama tulivyozikuta ngazi za Kadutu. Alikuwa mkuu wa foyer ya vijana, nyumba ndefu ya matofali upande wa Nyawera, mjini Bukavu, ambako watoto walikuja baada ya shule kucheza mpira, kushona, kuimba na kusaidiwa masomo. Foyer ilijengwa na parokia. Kisha amri ikatoka Kinshasa kwamba vijana wote wa Zaïre ni wa Chama, chama pekee nchini, na ubao wa mlangoni ukabadilishwa. Baadaye parokia ikarudishiwa nyumba yake, na ubao ukabadilishwa tena. Yeye aliendelea na kazi chini ya kila ubao. Alisema ubao haujawahi kumfuta mtoto kamasi.

Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata kama hakuchelewa. Alivaa pagne safi ya kitenge na, kichwani, perruque nyeusi ya nywele za bandia ambayo siku zile ilikuwa imekatazwa, kwa kuwa mwanamke wa Zaïre alitakiwa kurudia nywele zake mwenyewe. Katika mambo mengine alitii. Alituita citoyens, yaani raia, aliliacha jina lake la ubatizo, na kila asubuhi ya sikukuu aliimba nyimbo za Chama kwa sauti isiyojua noti hata moja. Perruque hakuiacha. Siku moja mgeni mmoja wa ofisini alimuuliza mbele yetu kama zile ni nywele zake.

"Ni zangu, Citoyen," alijibu. "Nilizinunua."

Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Mtoto akilia, alimpa kitambaa, akasimama kando yake mpaka kilio kiishe, kama mtu aliyejikinga mvua chini ya paa la duka. Tuliona hana moyo. Lakini alijua nani amebadilisha njia ya kurudi nyumbani, nani ameanza kukaa nyuma kabisa, nani amekuja na viatu vipya na hataki kusema vimetoka kwa nani. Hilo la viatu vipya lilimsumbua kuliko njaa.

"Njaa inajieleza yenyewe," alisema. "Zawadi haijieleze."

Alikuwa na sheria nyingi ndogo na moja kubwa. Ile kubwa ilisema kwamba mtoto wa foyer hakai na mtu mzima mmoja. Wanakuwa wawili daima, na wawili hao hawawi wa namna moja. Mmoja atoke kwa animateurs, wale wenye diplôme waliolipwa mwisho wa mwezi. Mwingine atoke kwa watu wa kujitolea, yaani bamaman wa mtaa, wanafunzi wakubwa, makatekista. Mmoja wa mshahara, mmoja wa moyo: ndivyo alivyosema, na ndivyo tulivyomwiga tukimcheka. Uwanjani wawili, chumba cha kushonea wawili, safari ya Lwiro kuona wadudu na ndege waliohifadhiwa kwenye vioo, wawili kwa kila kikundi. Kama wa pili hajafika, mlango haufunguliwi. Nakumbuka alasiri za Machi, mvua ya Bukavu inaanguka bila haya, na sisi tumebanana chini ya paa, animateur yupo na funguo anazo, tunangoja maman fulani amalize kuuza sokoni. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nikauliza kama animateur ni chui. Aliyekuwa karibu akanipiga kiwiko, kwa sababu Directrice alikuwa nyuma yangu.

"Hapana," alisema. "Ni mutu. Njo maana."

Sheria hiyo haikumwacha yeyote. Padri wa parokia alikuwa mzee mwema, sikuwahi kusikia neno baya juu yake, na alikuwa na jeep. Siku moja mvulana aliteleza akavunjika mkono, na padri akamweka kiti cha mbele cha jeep ampeleke hospitali haraka. Directrice alitoka mbio, perruque imepinda, akafungua mlango na kupanda.

"Hata mimi, Maman Directrice?" padri aliuliza.

"Hata weye, Padri. Na kama ningekuwa miye naendesha, ningekuomba upande."

Padri alicheka mpaka injini ikazimika. Jumapili iliyofuata alisimulia jambo hilo katika mahubiri, na mama yangu, aliyekuwa mwepesi wa kukasirika kwa niaba ya mapadri, akasema yule mwanamke hana adabu.

Kuweka watu wawili pamoja si kuwapatanisha. Animateurs waliwaona bamaman ni watu wa kelele; bamaman waliwaona animateurs ni vijana waliosoma utoto kwenye vitabu kwa sababu wao wenyewe walisahau. Jumamosi Directrice aliwakalisha wote kwenye meza moja, bugali na maharagwe, na hapo ndipo tulipopata burudani. Mkubwa wa bamaman alikuwa mwanamke mnene aliyeuza makala, yaani mkaa, kule Kadutu, nasi tulimwita Maman Makala. Mikono yake haikutakata kamwe, na alipokushika shavu uliondoka na alama. Mbele yake alikaa animateur wa michezo, kijana wa shati lililopigwa pasi.

"Maman, mutoto hashikiwe vile. Tulisoma ile mu formation."

"Ulisoma. Miye nilizaa."

"Kuzaa haiko diplôme."

"Na diplôme haijanyonyesha mutu."

Meza nzima ikalipuka. Directrice alingoja kicheko kiishe. "Mumemaliza? Maman, umufundishe kubeba mutoto wa homa. Na weye umufundishe juu ya nini hatuulize mutoto maneno ya haya mbele ya batu. Kisha mukule, maharagwe inapoa."

Nilipokuwa chuo kikuu Kisangani, nilirudi kila likizo na kujitolea pale foyer. Nadhani nilirudi ili nishindane naye. Siku ya kwanza alinikalisha karibu na mlango mchana mzima, nisiguse kitu, niangalie tu. Siku ya pili nilifika nimechelewa, akanirudisha nyumbani.

"Lakini mimi ninajitolea," nilisema.

"Kujitolea haiko kuja siku inakupendeza. Batoto walikungoja inje."

Mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi daima, hata majira ya baridi. Upepo wa ziwa uliingia na kupeperusha karatasi, naye aliziwekea mawe. Niliingia humo likizo ya pili, nikiwa na hoja niliyoitayarisha ndani ya boti ya ziwani njia nzima.

"Maman Directrice, sheria inayomshuku kila mtu inamtukana kila mtu."

"Ulisoma ile wapi?"

"Nimeifikiria mwenyewe."

"Aa. Njo maana haijaisha." Alisogeza jiwe moja. "Batu ya mushahara, banaogopa nini?"

"Kupoteza kazi."

"Mukubwa akibaambia banyamaze?"

"Wengi watanyamaza."

"Na batu ya moyo?"

Nilidhani mtu asiyelipwa haogopi kitu.

"Majirani," alisema. "Shemeji. Kwaya. Banaishi na ile batu, banaoana nabo, banazikana nabo. Kila mutu iko na fasi yake ya kunyamaza. Nikiweka wawili ya mushahara, bananyamaza pamoja. Nikiweka wawili ya moyo, bananyamaza pamoja. Nikichanganya, mara moja-moja mutu mumoja atasema."

"Mara moja-moja tu?"

"Sikukuahidi paradiso."

Niliondoka nikitafuta kasoro katika maneno hayo. Nilizipata, kwa mfano kwamba wapo watu wanaoogopa vyote viwili, na wapo wasioogopa chochote, nao ndio hatari zaidi. Lakini sikuweza kuyakataa yote, kwa sababu nilishawahi kuyaishi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa katika kikundi cha ngoma.

Miaka ile kila shule, kila ofisi, kila foyer ilikuwa na kikundi cha animation. Mkubwa akija, tunapangwa barabarani kwa pagne za aina moja, tunacheza na kuimba sifa. Sisi wasichana wa foyer tulikuwa hodari, na huo ulikuwa msiba wetu. Siku chache kabla ya mgeni mkubwa kutoka Kinshasa, mjumbe wa Chama alikuja ofisini kwa Directrice. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nje nikisubiri kurudishiwa sindano za kushonea. Nilisikia yote.

Alisema wasichana watacheza uwanjani. Kisha lori litawachukua wale wakubwa, wa kuanzia miaka kumi na mitatu, mpaka villa ya ziwani, wakawape wageni vinywaji. Watalala huko. Asubuhi watarudishwa.

Hakuna msichana wa Bukavu aliyehitaji kufafanuliwa. Dada wa rafiki yangu alikuwa amewapelekea wageni vinywaji hivyo mwaka uliotangulia. Aliporudi hakurudi shule, na watu walipunguza sauti alipopita.

Papo hapo nikamsikia Directrice akisema, kwa ile sauti yake ya ofisini: "Watakuja, Citoyen."

Mjumbe akamshukuru na kutoka. Alinipita akanipapasa kichwa.

Neno hilo moja, watakuja, nililibeba miaka. Mwanamke aliyemzuia padri mwenye jeep, ambaye hakumruhusu animateur afungue mlango peke yake wakati sisi tunalowa, alikuwa ametutoa sote kwa neno moja. Nilikimbia nyumbani bila sindano. Sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Baba alikuwa karani wa serikali.

Yaliyofuata niliyajua kwa Maman Makala, ambaye hakuwa na siri hata moja maishani. Mchana huo huo Directrice alishuka mpaka Kadutu kwa viatu vyake vya kisigino, katika matope, akamkuta katikati ya magunia.

"Wameomba batoto balale kule," alisema. "Nimesema ndiyo."

"Umesema nini?"

"Miye siwezi kusema hapana. Nikikataa, kesho batamuweka mwingine mu kiti yangu, na yeye atasema ndiyo. Lakini weye hawakupe mushahara."

"Na miye je, Maman Directrice? Hawatanifunga?"

"Batakufunga juu ya nini? Ya kupenda Chama?"

Maman Makala alisema alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Siku ya mgeni tulicheza. Jua lilikuwa kali. Ngoma ilipokwisha lori likaja, na mjumbe akaanza kutuita kwa vidole. Kabla hatujapanda, bamaman walitoka katikati ya umati. Walikuwa wamevaa pagne za Chama, zile zenye picha ya Guide, yaani Rais, watoto mgongoni, vikapu kichwani, wakiimba wimbo ule ule tuliotoka kuucheza. Wakapanda lori. Maman Makala alipandishwa na wanne.

"Bamaman!" mjumbe alipiga kelele. "Nyinyi hamukuitwa!"

Maman Makala alijishika kiuno huko juu, watu wote wakimwona. "Citoyen, tuliambiwa kila Muzaïrois anazaliwa ndani ya Chama. Ni kweli ao ni uongo?"

Mjumbe alitazama umati. "Ni kweli."

"Basi huyu mutoto mugongoni yangu ni mwanachama, na miye mama yake ni mugeni? Nimuteremushe mwanachama?"

Umati ulicheka, kicheko kile cha watu wenye ruhusa ya kucheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Siku ya umoja na furaha, mbele ya wageni, mjumbe hakuweza kuwaburuta wanawake waliovaa picha ya Guide kifuani. Tukapanda. Directrice alikaa mbele kando ya dereva, uso wake umefungwa kama duka la Jumapili.

Villani tulikalishwa kwenye majani. Kila maman alimweka msichana mmoja katikati ya magoti yake na kuanza kumsuka. Watoto wachanga walilia kwa zamu. Mwingine alitoa muhogo kwenye kikapu akaumenya. Vinywaji vilipotoka, bamaman ndio waliovibeba, na Maman Makala alimpa mgeni mkubwa glasi yenye alama za vidole vyake vyeusi. Mgeni aliangalia majani yale, aliyoyatarajia kuwa kitu kingine na ambayo sasa yalikuwa soko la Kadutu, akasema maneno mafupi juu ya nafasi ya mwanamke katika taifa, akaingia ndani. Jua lilikuwa bado halijashuka juu ya ziwa tuliporudishwa. Mama yangu alikuwa akichambua mchele mlangoni. Aliniuliza kama tulicheza vizuri.

Directrice aliitwa ofisini kwa Chama. Walimuuliza kwa nini hakuwatuliza wanawake wake.

"Ni watu wa kujitolea, Citoyen," alijibu. "Siko na amri juu yabo."

Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa na halikumsaidia. Walimhamishia Kamituga, kwenye barabara zile mbaya za migodi ya dhahabu, kufundisha kushona. Aliondoka na sanduku moja, perruque kichwani. Bamaman walimsindikiza wakiimba, naye akawaomba wasiimbe.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwapa bamaman sifa yote. Nimesikia watu wakifanya hivyo, wakisema: mnaona, mapenzi yanatosha, watu wa mshahara ni wa nini? Lakini mimi nilikuwa pale wakati Directrice hayupo. Kiti chake kilikaa bila mtu, animateurs wawili wa mwisho waliacha kazi, na bamaman waliendesha foyer peke yao. Ilikuwa na joto wakati ule. Tulikula zaidi, tuliimba zaidi, hatukungoja mvuani. Na hapo ndipo alipoingia yule tuliyemwita Tonton, kijana mchangamfu wa kufundisha mpira, shemeji wa mmoja wa bamaman. Alikuwa na mipira mizuri. Alianza kuwaita wavulana nyumbani kwake mmoja mmoja, kuwapima mbio, alisema. Mvulana mmoja akaacha kuja. Mwingine akaja na viatu vipya.

Bamaman waliona. Nataka hilo lieleweke: si kwamba hawakuona. Walinong'ona, kisha wakafanya kikao cha familia, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikaletwa, na wazee wakasema jambo la nyumbani limalizwe nyumbani. Likamalizwa kwa namna hiyo, yaani Tonton akaendelea kufundisha mpira. Maman Makala, aliyemshinda mjumbe wa Chama mbele ya mji mzima, alikunywa bilauri yake akainamisha kichwa. Baadaye aliniambia waziwazi: "Chama sikuiogopa. Chama haitakuja ku kilio ya mama yangu. Shemeji atakuja."

Directrice alirudi, nadhani kwa sababu wale waliomhamisha walikuwa wamehamishwa wenyewe. Juma la kwanza lilikuwa halijaisha. Aliona viatu. Alimuuliza mvulana mwenye viatu, akawauliza na wenzake, kila mara animateur mmoja, aliyemrudisha kazini, na maman mmoja wakiwepo, mlango wazi, watoto wengine mbali. Kisha akamwita Tonton akamwambia mbele ya mashahidi kwamba haingii tena foyer, na kwamba amepeleka habari kwa wenye sheria. Familia ilikuja kulia na kutukana. Walimwita mchawi, tasa, mwanamke wa nywele za mtu mwingine. Aliwasikiliza amesimama.

"Mumemaliza?" alisema. "Kesho mutarudi tena, lakini yeye hapana."

Yeye hakuwa na shemeji pale Nyawera. Hakuwa na mtu wa kumzika. Hicho ndicho alichokuwa nacho ambacho bamaman hawakuwa nacho. Lakini alipokwenda nyumbani kwa yule mvulana aliyeacha kuja, hakwenda peke yake. Alimchukua Maman Makala, kwa sababu alijijua: angeeleza kila kitu sawasawa, hospitali gani, sista gani, hatua gani, na mama wa mtoto angebaki amekauka kama mti. Nilibeba kikapu chao siku hiyo. Directrice alieleza. Kisha Maman Makala akamkumbatia yule mama kwa mikono yake myeusi, na wote wawili wakalia kwa sauti, na Directrice akatoa kitambaa, akangoja. Mvulana yule leo ni fundi wa redio. Tunasalimiana. Sisemi kwamba amepona. Mimi si mtu wa kujua hayo. Anacheka akipenda kucheka.

Mwaka jana, nilipomaliza masomo, parokia iliniomba niende foyer kama mkuu wake, kwa mshahara. Kabla ya kujibu nilipanda mlima mpaka Bagira kumwona Directrice, ambaye alikuwa amestaafu. Nilimkuta nje ya nyumba yake ndogo, ameweka ungo wa maharagwe magotini. Hakuwa na perruque. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mzuri.

Tulichambua pamoja. Nilimweleza kazi ile. Hakunipongeza. Aliuliza kama paa la upande wa uwanja limetengenezwa. Kisha nikauliza lile nililolipandia mlima.

"Maman Directrice, siku ile ya villa. Nilikuwa nje ya mlango wako. Nilikusikia ukisema watakuja."

"Najua. Uliacha sindano zako."

"Kama bamaman hawangepanda lori, ungetuacha twende?"

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili, na kwa kila moja nilikuwa na swali la pili. Angesema hapana kamwe, nisingemwamini. Angesema ndiyo, sijui ningefanya nini.

"Sijui," alisema.

Upepo ulipita kwenye migomba. Niliona kwamba hakuwa amemaliza, nikaendelea kuchambua.

"Kila mutu alifikiri ile sheria niliiweka juu ya batu bengine, juu siwaamini. Bamaman walifikiri vile. Padri pia, hata kama alicheka. Miye nilijua tu mutu mumoja mwenye ataogopa, ni miye. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na nyumba ya kazi. Siku ile mujumbe alipoongea, niliona tu ile kiti. Nilisema ndiyo mbele ya kufikiri. Ile ndiyo ilitoka peke yake." Alinitazama. "Lakini nilikuwa nimeshapanga, tangu miaka mingi, kama siku nikiogopa, kuko mutu wa kuendea. Njo nilienda. Basi."

Sikuwa na swali la pili. Mimi niliyesoma, niliyewahukumu wakubwa wote wa mji huu kwa woga wao, nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyeujua woga wake mapema na kuujengea daraja kabla mto haujajaa. Nilirudi nyumbani jioni ile ya villa nikiwa mzima. Nilisoma, nikaenda Kisangani, nikapata anasa ya kumshuku kila mtu, yeye akiwa wa kwanza. Nilitaka kumwambia asante. Nikaona atanipa kitambaa.

"Asante, Maman," nilisema hata hivyo.

"Ya nini?"

"Ya kujibu sijui."

Alicheka kidogo, puani. Kisha akasimamisha mikono juu ya ungo.

"Na weye, unaogopa nini?"

Niliona ni swali la upole, la kupitisha wakati, nikataka kujibu haraka: kwamba naogopa serikali, naogopa kukosa fedha za paa, naogopa wazazi wenye vinywa. Aliendelea kunitazama, nami nikaona majibu hayo yote ni ya kukopa. Maharagwe yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa na mikono yetu ilikuwa bado inayapekua.

"Naogopa kuonekana mjinga," nilisema. "Mtoto akiniambia jambo, nami nisiwe na uhakika, nitangoja mpaka niwe na uhakika. Nitauliza maswali mengi. Nitangoja sana."

Sikumwona akishangaa. Alimwaga maharagwe kwenye sufuria, akaongeza maji, akaketi tena.

"Basi tafuta mutu mwenye haogope ile," alisema. "Umupate mbele ya kukubali kazi, si kisha."

Nilikaa tukala. Kesho yake sikwenda parokia kutoa jibu. Nilikwenda kwanza sokoni, nikaanza kupita meza kwa meza, nikisikiliza ni nani anayesema kwa sauti kubwa jambo ambalo hana uhakika nalo.